Mdogo wangu anatolewa kwa mkopo: asaini au abaki?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mdogo wangu ana miaka 19, anacheza kiungo wa kati. Msimu uliopita alisaini miaka mitatu na moja ya timu kubwa za Ligi Kuu. Tangu afike hajacheza hata dakika moja ya ligi. Mara nyingi yuko jukwaani na nguo za kiraia. Sasa viongozi wamemwita, wanataka kumtoa kwa mkopo dirisha dogo hili la usajili wa katikati ya msimu, hadi mwisho wa msimu, aende timu ya mkoani ambayo iko mkiani mwa msimamo. Wamempa karatasi mbili asaini kwa pamoja: moja ya mkopo, nyingine ya kuongeza mkataba miaka miwili. Yeye anaona ametupwa, mimi nawaza mshahara. Anaweza kukataa? Nani atamlipa? Na akiumia huko? (Kaka wa mchezaji, Morogoro)

JIBU: Kaka, salama, na pole kwa presha hiyo. Ndiyo, anaweza kukataa. Mwalimu wa serikali hupangiwa kituo kipya akaripoti. Mchezaji mwenye mkataba hapangiwi hivyo. Mkopo unahitaji sahihi yake, na bila sahihi hiyo anabaki mchezaji halali wa timu yake na mshahara unaendelea kama kawaida. Swali gumu zaidi ni kama kukataa kutamsaidia, na hilo nitalifikia baada ya mambo ya karatasi, kwa sababu vijana wengi huumizwa na karatasi kabla hata hawajaumizwa na beki.

Kwa kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, mkopo unakuwa na maandishi ya aina mbili. Kuna makubaliano kati ya klabu na klabu, yanayotaja muda na masharti ya fedha, halafu kuna mkataba kati ya mchezaji na timu anayokwenda. Wewe umenitajia karatasi moja ya mkopo. Ulizeni ni ipi kati ya hizo, na ombeni kuiona nyingine. Kijana akisaini mkataba wa timu mpya bila kuona klabu mbili zimekubaliana nini, anaweza kukuta huko mbele kuna kipengele kinachomhusu ambacho hakuwahi kukisikia.

Tuje kwenye mshahara, maana hapa ndipo penye hatari kubwa. Kanuni inasema kwamba wakati wa mkopo, wajibu kati ya mchezaji na klabu yake mama, yaani ile inayomtoa, unasimama, isipokuwa kama pande zote zimeandika vinginevyo. Maana yake ni nzito. Kama hakuna mahali palipoandikwa kuwa timu kubwa itaendelea kumlipa, basi kuanzia siku anaanza kutumikia mkopo, mdaiwa wa mshahara wake ni ile timu ya mkoani peke yake. Ahadi ya mdomo ya kiongozi kwamba "usijali, sisi tutakulipa kama kawaida" haina nguvu mbele ya kamati yoyote.

Tuseme, kwa mfano tu, mdogo wako analipwa shilingi milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Timu ya mkoani ina uwezo wa laki tano. Mgawanyo wa kawaida ni timu kubwa kubeba laki saba zilizobaki. Huo mgawanyo uandikwe kwa tarakimu na kwa tarehe: nani analipa kiasi gani, tarehe ngapi ya mwezi, kupitia akaunti ipi. Kisha ombeni sentensi moja zaidi ambayo mimi huipigania kila mara: kwamba timu inayomchukua ikishindwa kulipa sehemu yake ndani ya siku fulani, klabu mama itailipa, halafu wao wadaiane wenyewe. Timu kubwa nyingi hukubali ukiwaomba mapema. Ukiwaomba saa mbili kabla ya dirisha kufungwa, hawatakusikiliza. Andikeni pia makazi, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, na bonasi za ushindi. Kijana wa miaka 19 akikaa mkoa asioujua bila chumba cha uhakika hawezi kulala vizuri, na asiyelala vizuri hachezi vizuri.

Ikitokea hawamlipi, asifungashe begi na kuondoka kimya kimya. Hilo kosa nimeliona likigeuza mchezaji mwenye haki kuwa mtoro. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji sababu ya haki ya kuvunja mkataba pale anapodai angalau mishahara miwili ya mwezi, lakini sharti aiandikie klabu barua ya kudai na kuipa siku zisizopungua 15 za kulipa. Siku hizo zikipita bila malipo, akavunja mkataba na timu ya mkopo, ana haki ya kurudi klabu yake mama. Lazima aiarifu mara moja kwamba mkataba umevunjika na kama anataka kurudi, na klabu inawajibika kumpokea na kuanza kumlipa tena kuanzia siku anaporejea kundini. Kanuni hizi zilianza Julai 2022, na mashirikisho ya nchi yalipewa miaka mitatu kuweka kanuni zao za ndani zinazofuata misingi hiyo hiyo. Mgogoro wa mchezaji wa Kitanzania na klabu ya Tanzania unakwenda kwenye kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, inayoshughulikia hadhi za wachezaji, kwa hiyo barua zake zote ziwe na nakala na muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu kuumia, usikubali neno "atatibiwa" likiwa peke yake. Akichanika kano za goti mwezi wa tatu, msimu unaisha mwezi wa tano au wa sita yeye bado anatembelea magongo, na mkopo umekwisha. Nani anamalizia matibabu? Iandikwe kwamba jeraha lililopatikana wakati wa mkopo litatibiwa hadi apone, nani analipia upasuaji, na kwamba daktari wa klabu mama atapewa taarifa ndani ya siku chache. Aende pia na cheti cha vipimo vya afya alivyofanyiwa siku anaondoka, ili asije akaambiwa jeraha ni la zamani.

Sasa ile karatasi ya pili, ya kuongeza miaka miwili. Kwa hesabu yako, msimu huu ukiisha atabakiwa na mwaka mmoja. Mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine mkataba wake ukibakiwa na miezi sita, kwa hiyo timu yake inaona mbali: akienda mkoani akang'ara, mwakani wakati kama huu yuko huru kuongea na yeyote. Wanataka kumfunga kabla hajapanda bei. Hilo silioni kuwa uovu. Klabu nyingi za Ulaya humwongezea kijana mkataba ndipo humtoa kwa mkopo. Ninachopinga ni kuunganisha mambo mawili na kumlazimisha ayasaini mezani siku moja. Mkopo unaweza kufanyika bila nyongeza hiyo. Kama wanataka miaka miwili zaidi, waje na mshahara mpya, pesa ya usajili, na maelezo ya nafasi yake kikosini atakaporudi. Kama hawana la kuongeza, asaini mkopo pekee. Angekuwa mdogo wangu, hivyo ndivyo ningemwambia.

Halafu hilo la kutupwa. Mwambie asome safari ya Harry Kane. Kabla hajawa mfungaji wa Tottenham, alitolewa kwa mkopo mara nne: Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester. Watu hulisimulia hilo kama hadithi ya subira, mimi naliona kama somo la kuchagua timu. Norwich ilikuwa Ligi Kuu ya England, jina kubwa kuliko Millwall, lakini alivunjika mfupa wa mguu na akacheza mechi tatu tu za ligi. Millwall ilikuwa daraja la pili ikipigana isishuke, na huko alipangwa mfululizo, akafunga mabao 9 katika mechi 27, mbele ya mashabiki wanaodai jasho. Martin Ødegaard naye alisajiliwa Real Madrid mwaka 2015 akiwa na miaka 16, akaonekana kama ameshindwa. Akapitia Heerenveen, Vitesse na Real Sociedad, kila hatua ngumu kidogo kuliko iliyotangulia, kisha Arsenal kwa mkopo Januari 2021, na sasa ndiye nahodha wao. Kwa upande wetu, Novatus Dismas alikuwa Zulte Waregem ya Ubelgiji iliposhuka daraja mwaka 2023. Mkopo wa kwenda Shakhtar Donetsk ulimfikisha kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na miaka 21.

Upo upande wa pili pia. Lucas Piazon alikuwa mchezaji wa Chelsea kwa takriban miaka tisa, akazungushwa kwa mkopo Hispania, Uholanzi, Ujerumani, England, Italia na Ureno, na mechi zake za Chelsea za mashindano hazikuzidi tatu. Kipaji alikuwa nacho. Mkopo mmoja ulifuata mwingine bila njia ya kurudi nyumbani, na hicho ndicho mnachopaswa kukiogopa, kuliko kuogopa mkopo wenyewe.

Kwa hiyo ulizeni dakika. Ligi yetu ina timu 16 na kila timu inacheza mechi 30, maana yake mzunguko wa pili una mechi 15, ambazo ni dakika 1,350. Kwa kiungo wa umri wake ningetaka apate walau 900, sawa na mechi kumi kamili. Akipata chini ya hapo, amehama benchi tu. Klabu haiwezi kukuandikia ahadi ya kupangwa, lakini mnaweza kuweka kipengele cha fedha: mgawo wa mshahara unaobebwa na timu ya mkopo uwe mkubwa zaidi asipofikisha idadi fulani ya mechi akiwa mzima. Hapo utaona mara moja kama kweli wanamtaka.

Nina wasiwasi na timu ya mkiani, nisikufiche. Timu inayopigania kubaki hubadilisha makocha, na kocha mpya akiwa na hofu humpanga mzoefu wa miaka 32. Tena timu za namna hiyo hupiga mipira mirefu inayopita juu ya kichwa cha kiungo. Mdogo wako ampigie kocha mwenyewe, kwa adabu, amuulize: mwalimu, wewe ndiye uliyeniomba? Unanihitaji namba ngapi, sita (kiungo mkabaji) au nane (kiungo wa kupandisha mashambulizi)? Nani anacheza hapo sasa? Kama kocha hana habari naye, basi mkopo umepangwa na viongozi kwa sababu zao. Hapo ningemshauri aombe timu ya katikati ya msimamo, au hata ya Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, ambayo kocha wake anamjua. Heri kucheza kila wiki daraja la chini kuliko kuvaa jezi ya Ligi Kuu jukwaani kwa miezi mingine sita.

Mambo machache yaliyobaki hayahitaji maneno mengi. Kwa kanuni za FIFA mkopo hauwezi kuwa mfupi kuliko muda kati ya madirisha mawili wala kuzidi mwaka mmoja kwa mara moja, na timu iliyomchukua haiwezi kumkopesha kwingine. Ndani ya msimu mmoja anaweza kusajiliwa klabu tatu lakini akacheza mechi za mashindano kwa klabu mbili tu. Umesema ligi hajacheza; hakikisheni kama hajaingia hata dakika tano kwenye mechi ya kombe, maana nayo inahesabika. Angalieni pia kama kuna kipengele cha kumuuza moja kwa moja, na kama ni hiari au lazima. Samatta alipotoka Aston Villa kwenda Fenerbahçe Septemba 2020, ulikuwa mkopo ambao tayari umebeba mauzo ndani yake. Na kuhusu kucheza dhidi ya klabu yake mama, kila mashindano yana msimamo wake: Ligi Kuu ya England inazuia, wakati UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, mwaka 2014 ilisema wazi kuwa kipengele cha kumzuia kipa Courtois, aliyekuwa kwa mkopo kutoka Chelsea, asiidakie Atlético Madrid dhidi ya Chelsea hakina nguvu. Akadaka, na Atlético wakashinda 3-1 Stamford Bridge. Someni kanuni za ligi za msimu huu na mkataba wenyewe, yeye ajue mapema mechi gani hatakuwepo.

Kama kuna wakala anayewasemea, aonyeshe leseni yake na aseme analipwa na nani. Wakala anayelipwa na klabu inayomtoa hawezi kumtetea mdogo wako kwenye mgawanyo wa mshahara.

Dirisha likikaribia kufungwa wataanza kumwambia hakuna muda. Aombe nakala za karatasi zote leo, aseme kwa heshima kwamba familia inazisoma na jibu litakuja kesho. Akishasaini, nakala moja yenye sahihi za pande zote tatu ibaki kwako hapo Morogoro, kwa sababu yeye atakuwa safarini kila wiki, na siku atakayoihitaji atakuwa mbali na kabati lake.