Ibada ya nyumbani imegeuka baraza la kesi

*Shikamoo Shangazi. Tuna watoto watatu, wa miaka 13, 10 na 6. Mume wangu ni mzee wa kanisa, na kila jioni baada ya chakula tunafanya ibada wakati msichana wa kazi anaosha vyombo. Lakini wanangu wana midomo mibaya. Mkubwa anamwita mdogo wake mjinga, na msichana anamwamuru tu: "We, leta maji!" Baba yao akipata habari, jioni anatafuta mstari unaomgusa aliyekosa, anausoma kwa ukali na kumtaka atubu mbele yetu sote. Siku hizi ikifika saa mbili usiku mkubwa anajifanya amelala. Mama mkwe anashauri nimpake pilipili mdomoni. Je, tuongeze ibada au tuiache kwanza? Mama wa Watatu, Dodoma.*

Marahaba, mwanangu. Ibada msiiache. Lakini kwa jinsi ulivyoieleza, mtoto akija pale anakuja kusomewa mashtaka. Mkubwa wako haikimbii Biblia, anakimbia kuumbuliwa mbele ya wadogo zake. Tena anachojifunza kwenye kile kikao ni kwamba maneno makali ni halali kwa mwenye mamlaka, na kesho yake anayatumia kwa yule aliye chini yake.

Kosa la mchana limalizwe mchana, uani au chumbani, mzazi na mtoto wawili tu. Akisema "We, leta maji," usimhubirie. Mwambie aombe upya kwa adabu, na maji yasije mpaka ameomba. Ikifika jioni kesi imekwisha, isitajwe hata kwenye sala. "Bwana, mbadilishe fulani," na fulani mwenyewe amepiga magoti pale pale, ni masimango tu hata kama macho yamefumbwa. Watoto wanalijua hilo vizuri sana.

Badala ya mistari ya kumchoma mtu, someni kisa kizima, kidogo kidogo kila jioni. Mimi ningeanza na Yusufu. Mwanzo 37 inasema ndugu zake walimchukia hata wasiweze kusema naye kwa amani, na hiyo ilikuwa kabla ya shimo na kabla ya vile vipande ishirini vya fedha. Nyumba ile iliharibika vinywani kwanza. Wala Maandiko hayamfichi mtu: Yusufu mwenyewe alikuwa akimpelekea baba habari mbaya za kaka zake, na baba alimpenda yeye kuliko wote. Mwacheni mkubwa aseme anaona nani alikosea, na msimkatize hata akimtaja baba. Wa miaka 10 asome, mdogo achague wimbo. Mkifika sura ya 50, Yusufu ni mkubwa huko Misri, ndugu zake wameanguka mbele yake wakiogopa kisasi, naye anawafariji na kusema nao kwa upole. Waulizeni angeweza kusema nini kingine siku ile. Wakishajibu, imbeni, mwombe, mkalale. Robo saa inatosha.

Sasa nikuguse wewe kidogo. Kwenye barua yako watoto umewataja kwa majina, nami nimeyaondoa. Yule anayewapikia umemwandika "msichana wa kazi" kila mahali, jina lake sikuliona. Mtoto hulisikia hilo muda mrefu kabla hajaanza kusema "We." Kuanzia leo aitwe Dada na jina lake, na ninyi wazazi muwe wa kwanza kumwambia tafadhali na asante. Vyombo vingoje. Akae nanyi kwenye ibada, na zamu ya kusoma imfikie. Siku yake someni 2 Wafalme sura ya 5. Kijakazi mdogo aliyetekwa Israeli ndiye aliyemtaja nabii wa kumponya Naamani, bwana wake, na baadaye, Naamani alipogeuka kwa hasira asitake kuoga Yordani, watumishi wake walimwita "Baba yangu" wakamsihi taratibu mpaka akashuka mtoni.

Kwa mume wako usiende na Biblia mkononi. Mzee wa kanisa anaijua Wakolosai 3:21, akina baba wasiwachokoze watoto wao "wasije wakakata tamaa", na ukimsomea utakuwa unamfanyia kile kile anachowafanyia wanawe. Mkae wawili watoto wakishalala. Mwambie ulichokiona, kwamba kijana anajifanya amelala, na kwamba kinakuumiza. Kisha msikilize, maana huenda naye alilelewa hivyo hivyo na haijui njia nyingine. Akiweza kumwita kijana pembeni na kumwambia, "Nilikuaibisha, nisamehe," yule mtoto atajua samahani inavyosemwa na mtu mzima. Mimi naliamini hilo kuliko mahubiri yoyote.

Huyo wa miaka 13 anahitaji pia maongezi nje ya kikao. Kumbukumbu la Torati 6 inataja kuketi nyumbani na kutembea njiani. Aende na baba yake sokoni au kwa kinyozi, na wakiwa njiani baba amwulize wenzake shuleni wanamwitaje. Mara nyingi tusi analomtupia mdogo wake amelibeba kutoka huko, na bado linamuuma.

Pilipili hapana. Inaumiza, na mtoto atajifunza kutukana mbali na masikio yako. Mama mkwe mjibu kwa heshima: "Mama, tumeanza njia nyingine, tunaomba utuombee." Akija kuwatembelea, mpeni ibada aiongoze yeye jioni moja, awasimulie wajukuu jinsi alivyoletwa kwenye imani. Nina hakika mkubwa hatalala siku hiyo.