Printa kugoma baada ya kuweka Windows 11
Dada, printa ya steshenari yako hapo Mwanjelwa si mbovu, kwa hiyo tafadhali usiiuze. Umesema kompyuta ilikuwa na Windows 10 ya biti 32. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, na draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa) ya biti 32, kama hiyo iliyomo kwenye CD yako ya zamani, haiwezi kufanya kazi humo hata ukiirudia mara ngapi. Chomoa waya wa USB, pakua draiva ya biti 64 ya modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, isakinishe, kisha uchomeke waya pale tu utakapoelekezwa. Ukiikosa draiva hiyo, chapisha ukurasa wa taarifa kutoka kwenye printa yenyewe. Ukurasa huo ukitaja PCL 6 (lugha ambayo kompyuta hutumia kuielekeza printa cha kuchapisha), jaribu draiva ya jumla ya mtengenezaji huyo, yaani inayofaa modeli zake nyingi.