Mtoto wa nyumba ya dini na kete ya unga: majibu ya maswali yenu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: wazazi ni watu wa dini, mtoto kapotea, imekuwaje? Nimechagua chache. Wanaoandika bila kutaja umri wa mtoto siwajibu, na nimeshasema hivi zaidi ya mara moja. Ya mtoto wa miaka 12 si ya barobaro wa 22.

*Mwanangu ana miaka 19. Amehifadhi juzuu kumi, nyumba yetu haina televisheni, babake haikosi safu ya mbele. Sasa avuta unga (heroini). Tulikosea wapi? (Mama, Kibokoni)*

Pole mama. Kwanza jua kwamba imani hairithiwi. Nabii Nuhu alimwita mwanawe apande jahazini naye akajibu kwamba mlima utamkinga na maji. Yamo katika Surat Hud, na hakuna nyumba ya Mombasa itakayodai ilikuwa na dini kuliko ile. Kwa hiyo anayekaa barazani akisema kila kijana aliyeharibika alilelewa vibaya, amekudhulumu.

Lakini yako yaliyo mikononi mwetu, na hayo ndiyo hatutaki kuyatazama. Kijana wa Mji wa Kale asubuhi yuko shule, alasiri chuoni (madrasa), magharibi msikitini, kisha ni kula na kulala. Siku nzima anafundishwa, wala hapana aliyemsikiliza. Anajua hukumu za nuni sakini zote katika kusoma Qur'ani. Hajui la kusema siku rafiki wa maskani anapomnyoshea msokoto. Na wengi huingia kwa mlango huo: bangi iliyotiwa unga ndani, ya bure, kutoka kwa mtu anayemwamini. Akitaka kuuliza amuulize nani? Maalim atamchapa, baba atamfukuza, mama ataangua kilio.

Kijana mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea. Mtume akamwambia asogee, akamuuliza kama angependa afanyiwe hivyo mamake, bintiye, dadake. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Twaisikia sana mimbarini, ila mtoto wetu akiuliza swali la nusu ya hilo twampiga kofi.

Kosa lililo kubwa zaidi huja baada ya kujua: kuficha. Alama zinaonekana mapema. Karatasi ya foili ina mstari mweusi wa moto. Kijiko kimerudi jikoni kikiwa cheusi chini. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini hata chumba kikiwa na giza. Anasinzia katikati ya maneno, anajikuna pua, anakaa siku tatu hajapata choo. Mama anaona, anasema ni uchovu wa mitihani. Bangili ya dhahabu ikipotea, anafukuzwa msichana wa kazi. Baba haambiwi, akiambiwa, yeye naye hamwambii ndugu yake, kwa kuchelea dada zake kijana wasiposwe. Miaka miwili inapita hivyo, kijana anatoka kwenye foili anaingia kwenye sindano. Jina la nyumba limehifadhiwa, mtoto ameachwa aozee ndani.

*Huenda ni hasadi au jini? Alikuwa mtoto mzuri mno. (Wengi)*

Msomeeni Qur'ani, ni shifaa. Pesa za mganga zipelekeni hospitali. Mwenye foili iliyochomwa mfukoni ana ugonjwa unaojulikana na tiba yake inajulikana. Swali hili nisililetewe tena.

*Mimi ni mzee wa kanisa. Watoto watano, nyumba moja, sala moja ya jioni. Wanne wametulia. Wa tatu, miaka 24, ni pombe na kamari ya simu. Kwa nini yeye? (Baba, Changamwe)*

Nyumba ilikuwa moja, utoto haukuwa mmoja. Huenda wa kwanza alikupata jioni ukiwa nyumbani, wa tatu akakupata kwenye vikao vya kanisa. Biblia unaijua kunishinda: wana wa kuhani Eli waliharibika hapohapo hekaluni Shilo. Samweli aliyekulia mikononi mwa Eli akayaona yote hayo, na bado wanawe mwenyewe walikula rushwa Beer-sheba. Ila lawama ya Eli imetajwa wazi: aliwakemea kwa maneno, hakuwazuia.

Kumzuia mtu wa miaka 24 si kumfokea. Ni kuacha kumlipia madeni. Wazazi wanaoheshimika hulipa upesi ili mkopeshaji asije kusimama mlangoni Jumapili, na Fuliza (mkopo wa M-Pesa) ikishalipwa, mlango wa kukopa unafunguka upya jioni ileile. Kaeni muandike kwenye karatasi anadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini. Alipe mwenyewe kidogo kidogo. Afunge akaunti za kamari mbele yako, kwani kufuta programu peke yake hakutoshi: akaunti hubaki na pesa huingia kama kawaida. Ukitaka kumsaidia, nunua unga wa ugali na lipa kodi moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Taslimu usimpe.

Kuhusu pombe, uliza jambo moja: asubuhi asipokunywa, mikono yatetemeka? Kama yatetemeka, asiache ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege. Aende kwa daktari kwanza.

Na koma kumwambia amtazame nduguye. Hilo amelisikia tangu darasa la pili.

*Tumemfungia chumbani siku ya nne, anatapika na kupiga kelele. Tuendelee mpaka lini? (Ndugu, Majengo)*

Fungueni leo. Arosto ya unga (mateso ya mwili ukiukosa) huanza saa 6 hadi 12 tangu kete ya mwisho: miayo, kamasi, malaika ya mwilini kusimama, kuharisha, mifupa kuwaka. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali kuliko zote, kisha hupungua ndani ya wiki. Kutapika na kuharisha humkausha maji, kwa hiyo apewe ORS (maji ya chumvi na sukari), kidogo kidogo na mara kwa mara. Hatari ambayo hamkuihesabu ni bugizi, vidonge vya usingizi. Wengi huchanganya vidonge hivyo na unga, na kuviacha kwa ghafla huleta kifafa kinachoweza kuua. Muulizeni faraghani, si mbele ya baba, maana mbele ya baba atakana.

Hatari nyingine huja akishapona arosto. Mwili umesahau unga, kichwa hakijasahau. Akitoka akavuta au kudunga kiasi chake cha zamani, pumzi hukatika. Ndiyo sababu vijana hufa wiki za mwanzo baada ya kutoka jela au kwenye nyumba za kufungiwa, na jamaa hubaki wakisema "lakini alikuwa ameacha!" Mkimkuta akikoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, haamki mkimtikisa: mlazeni ubavu, hakikisheni njia ya hewa i wazi, mkimbizeni hospitali na mseme wazi ni unga, kwa sababu ipo sindano ya naloxone inayorudisha pumzi. Msimnyweshe maziwa, msimmwagie maji, msimwache alale "mpaka ishuke".

Wanaofikiria kumpeleka kwenye nyumba ya kurekebisha tabia: ulizeni kama ina kibali cha NACADA (mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya), daktari huja siku gani, na kama mzazi anaruhusiwa kumwona mtoto bila taarifa. Jibu la tatu likiwa hapana, ondokeni. Zipo sehemu zenye jina la dini zinazowafunga vijana minyororo. Namba ya bure ya NACADA ni 1192.

*Tumeambiwa methadone ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. (Baba, Kisauni)*

Aliyekwambia amuulize tabibu kabla ya kutoa fatwa. Methadone ni dawa ya kumtibu mraibu wa unga; hunywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, na nguvu yake hudumu siku nzima. Kipimo kikishakaa sawa, kijana halewi wala hapati arosto. Anaweza kwenda kazini na akasali akijua anachosoma. Kenya ilianza huduma hii mwishoni mwa 2014, na hapo kwenu Kisauni kliniki ipo.

Inaposhindikana sababu ni hizi. Kipimo huanzwa chini na kupandishwa polepole kwa usalama, wiki za mwanzo bado ana maumivu, na nyumba inatangaza kwamba dawa haifai. Au anaruka siku kadhaa kisha anataka kipimo kilekile. Au anakunywa na bugizi au pombe juu yake, na hapo pumzi iko hatarini. Hesabuni mwaka na zaidi. Anayewaahidi mwezi mmoja anawadanganya.

*Binti yangu, miaka 16, huvua buibui akishapita kona. (Mama, Tudor)*

Buibui si swali langu la kwanza. Ana simu usiyoijua imetoka wapi? Analipiwa tuktuk na nani? Ikiwa kuna mwanamume mzima, huyo ndiye mhalifu kwa sheria ya makosa ya ngono ya 2006, si binti. Ikiwa ameingiliwa, afike hospitali kabla ya saa 72, maana dawa ya kuzuia HIV haifanyi kazi baada ya hapo. Usimpige. Ukimpiga leo, kesho hatakwambia.

*Muguka ni majani tu, kelele za nini? (Kijana, Likoni)*

Ni aina ya miraa. Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha amri, na mtoto wa miaka 13 bado anaununua kwa senti zake pamoja na Big G. Usiku hapati usingizi, darasani analala. Kisha mtu anampa kidonge cha kumlaza. Hicho kidonge ndicho bugizi.

*Ametulia miezi miwili. Tumuoze ili asirudi nyuma? (Shangazi, Bondeni)*

Hapana. Mnataka binti wa watu awe muuguzi wake bila kuambiwa kuna mgonjwa. Ndoa huleta kodi, mtoto, wakwe na ugomvi wa usiku, na mambo hayo ndiyo humrudisha mtu kwenye kete. Angoje mwaka mzima akiwa kwenye tiba na kazini. Kisha kabla ya mahari kutajwa, wazazi wa msichana waambiwe alichotumia, tangu lini na anatibiwa wapi, waonyeshwe na vipimo vya HIV na homa ya ini B na C, kwa kuwa sindano za kushirikiana hueneza zote tatu. Wakikataa posa, ni haki yao.