Maji machache, lakini yafike chini

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji tunatunzaje maua ya nyumbani jua linapokuwa kali. Najibu nikiwa Ipagala, hapa Dodoma, ambako mvua ikishakata Aprili au Mei mwanzoni tunaisubiri hadi Desemba, na Oktoba na Novemba ndipo joto linapopanda kabisa.

Kazi kubwa ni kuyafikisha maji kwenye mizizi na kuyazuia yasipotee. Wengi wetu hunyunyizia kidogokidogo kila jioni, udongo ukilowa roho inatulia. Hebu chimbua hapohapo kwa kidole: chini ya utando wa tope ni vumbi kavu. Mizizi hufuata maji, hivyo inabaki juujuu, na saa saba mchana inaungua. Heri umwage ndoo nzima taratibu shinani alfajiri, kisha uache siku mbili tatu. Tena maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi; ukiyatia kiduchu, chumvi hubaki juu na kufanya ukoko mweupe.

Halafu hayo matuta. Tuta lililoinuliwa linafaa penye mvua nyingi. Kwetu upepo wa Agosti na Septemba unalikausha pande zote. Vitanda vyangu nimevishusha chini ya usawa wa njia, kila waridi lina kisahani chake, na juu nimetandaza maganda ya karanga. Matandazo yasiguse shina, acha upana wa kiganja, maana mchwa hupandia humohumo.

Waridi lataka jicho. Geuza jani: ukiona vidoa vya manjano na utando mwembamba kama wa buibui, huo ni utitiri mwekundu, mdudu wa ukame na vumbi. Rusha maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, urudie baada ya siku chache. Maua yaliyonyauka yakate, ila kupogoa sana kungoje mvua, kwani machipukizi ya Oktoba yanababuka. Samadi ya mbuzi nayo ingoje, hasa kama haijaoza vizuri.

Maji ya kuoshea mchele na mboga nayapeleka bustanini. Ya kufulia, yenye sabuni ya unga na dawa ya madoa, siyapeleki.

Na wanaolalamika kwamba boganvilia zao ni majani matupu, wapunguze maji. Ukishashika mizizi, mmea ule huchanua vizuri zaidi ukiwa na kiu.