Umehamia kijiji cha Uingereza? Usikae ndani ukingoja kualikwa

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amemfuata mumewe kijijini Shropshire, na kila akitoka anaona mapazia ya majirani yakichezacheza, lakini hakuna anayekuja kubisha hodi. "Dada, hawa watu huwa wanazoeleka kweli?"

Wanazoeleka, mdogo wangu. Ila hodi uipige wewe.

Mimi naishi Derbyshire, si mbali na kijiji cha Tissington. Huku kuna mila ya kupamba visima kwa maua, na Tissington ndiko inakosifika zaidi. Wenyewe husimulia kwamba tauni ya 1348 na 1349 ilipoua watu kila upande, wao walisalimika kwa usafi wa maji yao, wakaanza kushukuru. Hadi leo, Sikukuu ya Kupaa Bwana, kasisi huongozana na watu kisima hadi kisima akivibariki.

Kijijini kwetu nasi tunapamba. Mwaka wangu wa kwanza nilisikia watu wamejaa ukumbini, nikaingia. Mama mmoja akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Swali lile linaniuma mpaka leo. Nikamjibu nimekuja kusaidia. Akanipa ndoo ya udongo.

Kazi yenyewe si lelemama: ni picha nzima ya petali inayotengenezwa juu ya mbao, kisha kusimamishwa kisimani. Mbao zilizopigiliwa misumari hulowekwa siku kadhaa ili zisinyonye maji ya udongo. Udongo wa mfinyanzi hukandwa na chumvi usikauke upesi, kisha hutandazwa. Mchoro wa karatasi hulazwa juu yake na kutobolewa kwa sindano mpaka alama zibaki. Mistari hufuatishwa kwa pilipili manga, buni au vikoni vikavu vya miti, ndipo zinapokuja petali, moja moja, kwa vidole. Unaanzia chini kwenda juu, petali ya juu ikiilalia ya chini kama makuti ya paa, ili mvua iteleze. Siku nzima unaweza kuimalizia kwenye bawa la njiwa.

Mwaka huu nimekabidhiwa joho zima la malaika. Mimi, binti wa Tanga! Na aliyekuwa akinichambulia petali za bluu ni mama yuleyule. Nilijivuna, na sioni haya kulisema.

Basi ndugu zangu mlio ugenini, acheni kushinda kwenye magrupu ya WhatsApp mkilalamika kwamba Wazungu hawana utu. Wabaguzi wapo, nimekutana nao. Lakini wengine wamekaa tu wakikungoja wewe, kama nawe unavyowangoja wao. Salimia kwanza. Mwenye mbwa muulize mbwa wake anaitwaje, mtazungumza nusu saa. Nenda penye kazi, tena nenda mapema. Anayekuja wakati wa chai na keki huonekana mgeni tu.

Nawe wa Shropshire, tarehe 5 Novemba vijiji vingi huwasha moto mkubwa wa pamoja. Soma ubao wa matangazo kijijini, uone kama wanakusanya kuni na ni siku gani, kisha utokee na glavu zako.