Jibu: Mithali 26:4 na 26:5, nifuate upi?

Bwana asifiwe, ndugu. Umeuliza umjibuje shemeji yako anayebishana nawe, na umekwama hapa: Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu, mstari wa 5 unasema mjibu. Hujasoma vibaya. Hata marabi wa kale, walimu wa Kiyahudi, jambo hili liliwasumbua; Talmudi, kitabu cha mafundisho yao, inasema walitaka kukiondoa kitabu kizima, kisha wakaafikiana: kwenye mambo ya Torati mjibu, ya kidunia mwache.

Mimi huanza na nusu ya pili ya kila mstari, ndimo sababu ilimo: "usije ukafanana naye", na "asije akawa mwenye hekima machoni pake mwenyewe". Kwenye kikundi chetu cha Biblia, anayetukana namwacha, maana nikijibu tu na mimi nishaanza kutukana. Anayepotosha andiko mbele ya waumini wachanga namjibu, mara moja, basi.

Halafu angalia wakati wa kusema. 1 Samweli 25: Abigaili anamkuta mumewe mpumbavu, Nabali, amelewa chakari kwenye karamu. Hamwambii neno, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi divai imemtoka. Ndipo akamweleza yote.

Huyo shemeji yako anabishana nawe mkiwa wawili, au mbele ya watoto?