Maswali na majibu: Mkaguzi akibisha hodi kwenye hospisi yenu

Barua za safari hii zimetoka kwa Waswahili walioko Marekani, wengi wao wakiwa wanafanya kazi ya hospisi, yaani kuwahudumia majumbani wagonjwa walio katika miezi yao ya mwisho. Nami nimekuwa nesi wa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo najibu ninayoyajua.

Nimefungua hospisi ndogo huku Texas, sasa ni mwaka wa tatu. Wakaguzi watanipigia simu kabla ya kuja?

Hawapigi. Ukaguzi wa kawaida wa Medicare, bima ya afya ya serikali inayowalipa, huja bila taarifa, angalau mara moja kila miezi 36, kwa hiyo zamu yako imekaribia. Lalamiko la familia moja laweza kuwaleta hata kesho. Atakuja mtu wa jimbo au wa chombo cha ithibati (shirika linalothibitisha ubora wa huduma) mlichokichagua, kama Joint Commission, CHAP au ACHC, na mapema kabisa ataomba orodha ya wagonjwa na ratiba ya ziara. Hakikisha watu wawili au watatu ofisini wanajua vinapopatikana, maana siku hiyo msimamizi anaweza kuwa likizo.

Kisha chukua chati tano uzisome kwa tarehe. Je, nesi alifika ndani ya saa 48 tangu mgonjwa asaini kujiunga? Tathmini kamili ilikamilika ndani ya siku 5? Daktari, nesi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na mshauri wa kiroho wameupitia mpango wa huduma angalau kila siku 15? Siku ya 16 ni kosa, hata kama mgonjwa alihudumiwa vizuri.

Ukimaliza chati, nenda nyumbani kwa mgonjwa, maana huko ndiko ninakoona hospisi nyingi zinaanguka. Niliwahi kumsindikiza mkaguzi jikoni kwa mgonjwa mmoja. Alitoa chupa ya morfini kabatini akaisoma lebo: nusu mililita. Akafungua faili la nyumbani, orodha ya dawa inasema robo. Daktari alikuwa amepandisha dozi siku nne nyuma, duka la dawa likaleta chupa mpya, ila hakuna aliyebadilisha karatasi. Binti aliyekuwa akimpa mama yake dawa alikuwa akiifuata karatasi. Siku nne zote hizo mama aliugulia maumivu ambayo dawa yake ilikuwa kabatini. Ofisini chati ilikuwa safi kabisa.

Shikamoo dada. Bosi ananitaka nijaze ripoti za ziara zilizokosekana tangu mwezi wa tatu, eti wakaguzi wasizikute wazi. Nifanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Kama ulikwenda ukasahau kuandika, andika leo kwa tarehe ya leo, useme wazi kuwa ni maelezo yaliyochelewa, na uandike unayoyakumbuka kweli tu. Kama hukwenda, hakuna ripoti ya kuandika. Kinachoandikwa ni kwamba ziara haikufanyika, kwa sababu gani, na kwamba daktari amejulishwa.

Ziara iliyokosekana ni kosa linalorekebishika. Ziara ya kubuni iliyotumiwa kudai malipo Medicare ni ulaghai, na kwenye kompyuta chati inaonyesha saa na dakika uliyoiandika. Leseni ni yako, bosi hana leseni ya kukuazima. Mjibu kwa baruapepe, kwa adabu, ubaki na nakala. Akizidi kukubana, ofisi ya Mkaguzi Mkuu ya Wizara ya Afya ya Marekani ina simu ya kupokea taarifa za namna hiyo. Najua wengine wetu tunaogopa kazi ikipotea na vibali vyetu vitayumba. Woga huo ninauelewa, na bado nakuambia usisaini.

Mimi ni msaidizi wa kuogesha wagonjwa. Nimesikia mkaguzi anaweza kunifuata hadi kwa mgonjwa. Kiingereza changu si kizuri.

Anaweza, mgonjwa akikubali. Ataitazama mikono yako kuliko lafudhi yako: umenawa lini, glavu umebadilisha lini, umefunga mlango mgonjwa akiwa uchi? Fuata ulichoandikiwa kwenye mpango. Umeandikiwa kumwogesha kitandani, usimpeleke bafuni kwa sababu leo ana nguvu. Mpigie nesi kwanza. Akikuuliza usilolijua, sema hujui na kwamba utamuuliza nesi wako. Hilo ni jibu zuri.

Ni kweli lazima tuwe na watu wa kujitolea?

Ni kweli, na saa zao zifikie angalau asilimia 5 ya saa za huduma kwa wagonjwa za wafanyakazi wote wanaolipwa. Ziandikeni kila wiki.

Tumeletewa Fomu 2567, ile ya makosa waliyoyakuta wakaguzi, na makosa yenyewe ni saba. Tuna muda gani?

Siku 10 za kalenda kurudisha mpango wa marekebisho. Msiandike “tutawakumbusha wafanyakazi” mkaishia hapo. Semeni nani atafanya nini, kufikia tarehe gani, na nani atakagua kwamba kimefanyika.

Mama yangu yuko hospisi. Hajui Kiingereza, alisaini tu. Mkaguzi akiniuliza nikasema ukweli, nitamharibia nesi wetu anayetupenda?

Pole sana, dada. Mama ana haki ya kuelezwa haki zake kwa mdomo na kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, kabla huduma haijaanza. Usisubiri mkaguzi. Piga hospisi leo uwaambie wamletee mkalimani wa Kiswahili, hata kwa simu, wayarudie yote. Mkaguzi akija, mwambie yaliyotokea, na mwambie pia mema ya nesi. Ataandika kosa la hospisi, na mgonjwa anayefuata hatasainishwa asichokielewa.

Na wewe usikubali kuwa mkalimani wa mama. Umeniandikia kwamba siku ile uliambiwa mama amebakiza “miezi sita” ukamwambia “wanasema upumzike”. Hakuna mtoto anayepaswa kubebeshwa neno hilo. Mwachie mkalimani, wewe ukae kitandani umshike mkono.